Umeambiwa umekiuka amri ya kumwona mtoto, na si kweli? Fanya hivi

Simu za aina hii nazipokea kila wiki, nyingi usiku. "Kaka, nimeletewa karatasi ya mahakama. Baba Neema anadai nimemnyima mtoto miezi mitatu. Muongo! Jumamosi iliyopita si alikuwa naye?" Kesho yake anapiga baba mwingine: alimrudisha mtoto kwa wakati, akakuta geti limefungwa na simu ya mama haipatikani, akaondoka naye. Jumatatu akaitwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi eti kamwiba mwanawe.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyajibu yote hapa kwa pamoja. Ninayoyaandika yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, na wana Mahakama ya Kadhi. Kukusanya ushahidi kunafanana, ila milango ya kubisha ni mingine.

Sheria nitaigusa kidogo tu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinasema mtoto ambaye wazazi wake wametengana ana haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye, ilimradi masomo yake yasivurugike. Soma tena uone mwenye haki hapo ni nani: mtoto. Wazazi wengi wanaingia chemba, ofisini kwa hakimu, wakizungumza kama watu wanaogombania kiwanja, na hakimu anawaona.

Kuhusu ukiukaji, anayekulalamikia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Anapaswa kuonyesha kwamba amri ipo, unaijua, inaeleweka, na umeikaidi kwa makusudi. Tuhuma nyingi za uongo zinaanguka hapo kwenye "kwa makusudi", lakini haziangushwi na kelele. Zinaangushwa na tarehe. Usizichukulie kirahisi pia, maana kifungu cha 124 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya anayekaidi amri ya mahakama kuwa mkosaji, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2. Tena hakimu akishaamini kwamba wewe ni mkaidi, anaweza kuibadilisha amri yenyewe, mtoto akahamia upande wa pili.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama. Picha uliyopiga kwa simu mwaka juzi, kona moja imekatika, haitoshi. Nenda kwa karani na namba ya shauri, omba nakala.
- Karatasi uliyoletewa. Andika nyuma yake tarehe na saa uliyoipokea, na nani alikukabidhi.
- Simu yako, na ujumbe wote ukiwa humo. Usifute hata ule unaokuaibisha.
- Kaunta buku moja na kalamu ya wino.
- Kalenda ya shule, kadi ya kliniki, karatasi za hospitali kama mtoto aliwahi kuumwa siku ya zamu.
- Majina ya watu wawili au watatu waliokuwepo wakati wa kumpokea au kumkabidhi mtoto. Waliosimuliwa tu hawahesabiki.
- Hela ya nauli, ya kutoa nakala, na ya kamishna wa viapo, yaani mtu unayeapa mbele yake. Risiti zitunze.

Hatua kwa hatua

1. Angalia kwanza nani amekuita.

Barua ya ofisi ya mtaa, wito wa afisa ustawi wa jamii, wito wa polisi na hati ya mahakama ni vitu vinne tofauti. Vyote viitikie, tena kwa heshima. Ila elewa kwamba mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kubadilisha amri ya hakimu, na wala polisi hana. Ukiwekewa mbele karatasi ya "makubaliano" inayokiri kuwa ulimficha mtoto ili yaishe, usiisaini. Sema hivi: "Ipo amri ya mahakama, nakala hii hapa, na mimi naifuata." Waachie nakala.

Ikiwa karatasi ina namba ya shauri na muhuri wa mahakama, tafuta tarehe ya kufika na uizungushie duara. Usipotokea, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja, na hapo hata uongo mwepesi unakuwa hauna wa kuupinga.

2. Isome amri kama mtu baki.

Wengi wanafuata amri iliyoko kichwani, siyo iliyoko kwenye karatasi. Kaa chini uisome neno kwa neno. Ni Jumamosi zote au moja moja? Nani anamfuata mtoto, na wapi? Sikukuu zimetajwa? Likizo je?

Kuwa makini sana na saa. Niliwahi kusoma amri iliyoandikwa "saa 4:00" bila asubuhi wala jioni, na nakala yake ya Kiingereza nayo ikaandikwa 4:00. Mama alimvalisha mtoto, akakaa naye barazani tangu saa 4 asubuhi mpaka adhuhuri, akakata tamaa, wakaenda zao msibani. Baba alifika saa 10 jioni, yaani saa nne ya Kizungu, akakuta kufuli. Kila mmoja alimwita mwenzake muongo, na wote wawili walikuwa wakisema kweli. Amri nyingi za kabla ya 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya mahakama, ziliandikwa kwa Kiingereza. Kama yako ni mojawapo na hukielewi vizuri, tafuta wa kukufasiria kabla hujajibu chochote.

Ukikuta amri ina utata, huo ni utetezi wako. Uandike.

3. Tengeneza jedwali la siku.

Kwangu mimi hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo mzima. Chora mistari kwenye kaunta buku upate safu tano: tarehe, amri inasemaje, mlalamikaji anadai nini, kilichotokea, ushahidi uliopo. Kila tarehe iliyotajwa kwenye malalamiko iwe na mstari wake. Mfano:

Jumamosi 8 Machi 2025. Amri: baba amchukue saa 4 asubuhi kwa bibi. Madai: "Nilifika, nikanyimwa mtoto." Kilichotokea: hakufika, nilimpigia saa 4:40 na saa 5:15, hakupokea, saa 6:02 akaandika "Nipo Moro leo, tufanye wiki ijayo." Ushahidi: ujumbe wake, kumbukumbu za simu, shangazi aliyekuwepo.

Mstari mmoja kama huo una nguvu kuliko kurasa sita za "huyu bwana ni mtu wa visa". Simu yako itakuonyesha 10:40 au 12:02. Kwenye daftari andika saa ya Kiswahili na uongeze asubuhi, mchana au jioni, uwe na mpango mmoja mwanzo hadi mwisho.

Kuna siku ulizokosea kweli? Ziandike nazo. Ulichelewa saa mbili kwa sababu ya foleni ya Mbagala, andika ulichelewa saa mbili. Anayekiri kosa dogo anaaminika anapokana kubwa, na wakili wa upande wa pili anakuwa hana cha kukuchomolea.

4. Linda ushahidi kabla haujapotea.

Kumbukumbu za simu zilizopigwa na kupokelewa hazikai milele kwenye simu, kwa hiyo anza nazo leo. Piga skrinishoti inayoonyesha namba, tarehe na saa. Skrinishoti yenye jina "Shetani" juu badala ya namba inakuharibia mara mbili. Badilisha jina kwanza.

Kwa WhatsApp, hamisha mazungumzo yote ya kipindi husika, usichague sentensi tamu tu. Ukileta nusu, mwenzako ataleta nusu ya pili. Ujumbe wa sauti uandike kwa maneno, neno kwa neno, na sauti yenyewe ibaki kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii, ila mahakama itataka kujua ulitunzwaje na kama haukuchezewa. Hivyo andika pembeni: simu ni ya nani, nani alipiga skrinishoti, lini, na steshenari gani ilitoa printi. Siku ya shauri nenda na simu yenyewe.

Kitu ambacho watu husahau ni ujumbe wa muamala. Uliponunua soda ya mtoto kwa lipa namba kwenye duka la jirani na geti ukiwa unamsubiri, M-Pesa au Airtel Money ilikuandikia tarehe, saa na jina la duka. Baba mmoja niliyemsaidia alikuwa anadaiwa hakutokea kabisa siku hiyo. Muamala wa shilingi 1,000 kwenye genge la mtaa wa mama mtoto ulimaliza ubishi.

Onyo: usimhoji mtoto huku unamrekodi. "Sema, mama alikwambia nini kuhusu baba?" Video kama hiyo humgeukia aliyeirekodi, kwa sababu hakimu anachokiona ni mzazi anayemlisha mtoto maneno. Maoni ya mtoto yanazingatiwa, lakini lazima yatolewe kwa uhuru, na afisa ustawi wa jamii ndiye mtu sahihi wa kuyasikiliza.

5. Jibu mara moja, kwa maandishi, kwa upole.

Tuma ujumbe mmoja tu. Siyo kumi na mbili, wala sauti ya dakika saba. Kiolezo:

"Baba Neema, habari. Nimeona madai kuwa tarehe 8 Machi nilikunyima mtoto. Siku hiyo alikuwa tayari kwa bibi yake tangu saa 4 asubuhi, nawe saa 6 mchana uliniandikia kuwa upo Moro. Jumamosi tarehe 22 atakuwa tayari saa 4 asubuhi, palepale. Asante."

Ujumbe huo unaandikwa kwa ajili ya mtu wa tatu atakayeusoma miezi minne baadaye. Akikujibu kwa matusi, mwache. Matusi yake sasa ni kielelezo chako, yaani ushahidi wa kuambatanisha. Na Status uiache ipumzike: ukianza kumwanika mwenzako mtandaoni unaweza kujikuta na kesi ya pili chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na safari hii tuhuma itakuwa ya kweli.

6. Andaa kiapo kinzani.

Kama maombi yake yameambatana na kiapo, yaani maelezo ya maandishi aliyoyaapia kuwa ni kweli, wewe mjibu maombi unajibu kwa kiapo chako, kiapo kinzani, ndani ya muda uliopangiwa. Kinaenda aya kwa aya. Usiishie kuandika "aya ya 5 ni uongo mtupu". Andika: "Aya ya 5 inakanushwa. Tarehe 8 Machi 2025 mwombaji hakufika. Aliniandikia saa 6:02 mchana kuwa yupo Morogoro, kielelezo A."

Mambo yanayokiangusha kiapo ni yale yale kila siku. La kwanza ni kuweka yasiyo yako. Kama shangazi ndiye aliyekuwa getini, aape kiapo chake mwenyewe. "Shangazi aliniambia" haitoshi. La pili ni hoja za kisheria, maombi na lawama. Kiapo ni cha mambo yaliyotokea tu. La tatu ni kusahau sehemu ya uthibitisho mwishoni, pale unaposema yaliyoandikwa ni kweli kwa kadiri unavyojua, au kuapa mbele ya kamishna wa viapo bila yeye kujaza mahali na tarehe ya kuapa. Kabla hujatoka ofisini kwake, igeuze karatasi uangalie. Nimeona kiapo kizuri kikitupwa kwa sababu ya tarehe iliyoachwa wazi.

Na usiape uongo ili kujibu uongo.

Hapa ndipo ningekushauri umwone mwanasheria hata kama mengine umeyafanya peke yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ndiyo inayosimamia huduma hii kwa wasio na uwezo. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni miongoni mwa wanaoitoa. Msaidizi wa kisheria kama mimi nitakusaidia kupanga nyaraka na kukuelekeza, bure, ila mahakamani siwezi kukuwakilisha. Anayekuahidi hivyo na kukudai hela, mkimbie.

7. Endelea kuifuata amri wakati shauri linaendelea.

Najua inauma. Mtu amekuita mtekaji, halafu Jumamosi unamvalisha mtoto viatu umpeleke kwake. Mpeleke. Ukimzuia "mpaka kesi iishe", umegeuza tuhuma ya uongo kuwa ya kweli kwa mikono yako, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya mengine yote.

Kuanzia sasa kila makabidhiano yaache alama. Chagua mahali penye watu: kwa bibi, kanisani, msikitini, ofisi ya ustawi mkikubaliana. Kuwa na daftari dogo la makabidhiano: tarehe, saa, mtoto yuko katika hali gani, sahihi za wote wawili. Akikataa kusaini msigombane, tuma ujumbe papo hapo: "Tumefika saa 4:05 asubuhi, Neema amevaa gauni la bluu, ana dawa ya kikohozi kwenye begi." Mlango ukiwa umefungwa, subiri kwa muda wa kueleweka, piga simu mara mbili, andika kuwa ulifika, muulize jirani jina lake, kisha ondoka. Ni wewe unayemrudisha mtoto na hukumkuta mtu? Andika ujumbe hapohapo ukisema mtoto yuko na wewe, mko wapi, na utamrudisha tena saa ngapi. Ikifika usiku bado kimya, toa taarifa kituo cha polisi kabla hujaenda kulala. Yule baba wa Dawati niliyemtaja mwanzo angekuwa na ujumbe mmoja tu wa hivyo, asingeitwa.

8. Siku ya shauri.

Fika mapema, na nakala tatu za kila kitu: ya mahakama, ya mwenzako, yako. Mashahidi wako watasubiri nje mpaka waitwe, waambie kabla wasije wakanuna. Mashauri ya watoto hayasikilizwi hadharani, kwa hiyo ile Noah nzima ya wajomba ni nauli ya bure.

Ukiulizwa, jibu ulichoulizwa: "Mheshimiwa, tarehe 8 Machi mtoto alikuwa tayari, kielelezo A." Mwenzako akidanganya, usiruke. Andika kwenye karatasi, utapewa zamu ya kumuuliza maswali. Mwishoni omba mambo mawili: malalamiko yatupwe, na amri ifafanuliwe pale palipo na utata, yaani saa, mahali, na nani anamleta mtoto.

Mambo yakikwama

Wito umenifikia tarehe ikiwa imeshapita. Nenda mahakamani siku hiyohiyo, ukiwa na ile karatasi uliyoandika tarehe ya kupokea. Muulize karani kilichoamuliwa. Kama ilitoka amri ya upande mmoja, unaweza kuomba itenguliwe, ila eleza sababu na usikae nalo wiki tatu.

Mtoto mwenyewe anakataa kwenda. Mtoto wa miaka 4 analia akiachana na yeyote, hata siku ya kwanza ya chekechea. Mpeleke mpaka mahali pa makabidhiano, mwenzako ajionee. Wa miaka 13 anayekataa kwa maneno na sababu ni jambo lingine: andika alichosema, mjulishe mzazi mwenzako, nenda ustawi wa jamii wiki hiyohiyo. Kusema tu "hataki" bila kuchukua hatua, mahakamani kunasikika kama "nimemkataza".

Aliumwa siku ya zamu. Tuma taarifa kabla ya saa ya kuchukuliwa, na picha ya cheti cha hospitali, na upendekeze siku ya kufidia. Homa ya kila Jumamosi bila karatasi hata moja haiaminiki.

Hatoi matunzo, kwa nini nimpe mtoto? Kwa sababu ni maombi mawili tofauti. Fungua ya matunzo. Mtoto hashikwi rehani.

Nahofia akienda ataumizwa. Hapo usingoje kusoma mwongozo. Ripoti Dawati la Jinsia na Watoto au piga 116, bure, na uombe mahakama isimamishe au ibadilishe utaratibu haraka. Tunza namba ya taarifa uliyopewa polisi. Mzazi aliyemzuia mtoto na akaripoti siku hiyohiyo anaeleweka. Aliyemzuia kimya kimya, akakumbuka kuogopa baada ya kushtakiwa, atapata shida kueleza.

Kila mwezi analeta malalamiko mapya. Weka jedwali moja la yote, kuanzia la kwanza, na mbele ya kila moja andika lilivyoisha. Yakifika matatu au manne yaliyotupwa, omba mahakama iliyotoa amri iweke makabidhiano mbele ya afisa ustawi, na uombe gharama zako. Risiti za nauli ulizozitunza tangu mwanzo, hapo ndipo zinapoulizwa.